Kushuka na Danubi kwa baiskeli, Passau hadi Vienna: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza maswali haya ni Waswahili wenzangu tunaoishi Ujerumani na Austria, na ndugu wanaokuja kututembelea majira ya joto ambao wamechoka kupelekwa madukani. Njia hii nimeipita mara tatu, zote kwa kushuka na maji. Mwanamichezo mimi siye.

Ni njia ipi hasa, na ina urefu gani?

Inaanzia Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, na kuishia Vienna. Ni kilomita 320 hivi, zikizidi au kupungua kwa kadiri utakavyovuka mto huku na huku. Passau ndipo mito mitatu inapokutana, Danubi, Inn na Ilz. Nenda mpaka kwenye ncha ya mji kabla hujapanda baiskeli, uangalie maji: Ilz ni mweusi kama chai ya rangi kwa sababu unatoka misituni, Inn umepauka kwa maji ya theluji ya Alps, na Danubi uko katikati yao. Inakwenda sambamba kwa kitambo kila mmoja na rangi yake, kama wageni ambao bado hawajazoeana.

Hiki ni kipande tu cha njia ndefu iitwayo EuroVelo 6, inayotoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari Nyeusi.

Kweli hakuna magari?

Sehemu kubwa hakuna. Kujua ni kwa nini hakuna kutakusaidia kuchagua pa kupita.

Kabla ya meli za moshi, chombo kilichotaka kupanda Danubi kilikokotwa. Matishari yenye chumvi, nafaka na mvinyo yalifungwa kamba nene, na kamba ikafungwa farasi, wakati mwingine thelathini, arobaini na zaidi kwa msafara mmoja, nao wakatembea kandokando ya maji wakivuta. Farasi wanahitaji njia iliyo karibu kabisa na mto, iliyo sawa, isiyo na mti wa kunasa kamba. Njia hiyo Waaustria wanaiita Treppelweg. Meli za moshi zilipoanza kazi katika miaka ya 1830, farasi wakaanza kupoteza ajira, lakini njia ikabaki mikononi mwa wenye mamlaka ya mto. Barabara za magari zikajengwa kwingine, mara nyingi juu zaidi, ambako mafuriko hayafiki. Miaka ya 1980 watu wa baiskeli wakairithi.

Kwa hiyo utulivu unaousikia pale haukutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni njia ya wachukuzi iliyostaafu. Kila unapokuwa juu ya Treppelweg yenyewe, husikii injini. Kila njia inapoacha maji na kusogea barabarani, unazisikia. Kipande kinachoudhi kuliko vyote ni kati ya Ottensheim na Linz, ambako bonde ni jembamba na njia ya baiskeli imebanwa na barabara kuu. Uko salama, kuna kizuizi, ila masikio yanachoka. Wengine hupanda boti pale. Mimi hukaza mwendo tu na kumaliza.

Nipite ukingo wa kaskazini au wa kusini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote kwenye ukurasa huu, na bahati mbaya ndilo ambalo watu hawaulizi mpaka wamerudi. Njia ipo pande zote mbili karibu safari nzima, na watu wengi hufuata tu kibao cha kwanza walichokiona. Usifanye hivyo. Kila asubuhi fungua ramani, tazama barabara kuu na reli viko ukingo upi, kisha wewe nenda ukingo wa pili.

Mimi hupita hivi. Kutoka Passau nakaa upande wa kaskazini. Mpaka bwawa la umeme la Jochenstein barabara iko jirani, lakini ukishapita hapo kuelekea Niederranna gari hamna, ni msitu na mto tu. Mbele kidogo, Schlögen, mto unagonga mwamba wa itale na kujipinda ukarudi ulikotoka, karibu nusu duara. Ukingo wa kaskazini hapo hauna njia ya kuendelea, hivyo kivuko kidogo kinakuchukua. Ukishavuka, usiendelee na safari kabla hujafunga baiskeli upande wa Schlögen na kupanda kilimani kwa miguu, nusu saa hivi, ukauone mpindo wenyewe kutoka juu.

Baada ya Grein, kusini, bila kujadili. Barabara kuu iko kaskazini, wewe uko ng'ambo chini ya miti ukiitazama kama sinema isiyo na sauti.

Baada ya Melk unaingia bonde la Wachau, na hapa mimi mwenyewe hugombana na nafsi. Vijiji vyenye jina, Spitz, Weißenkirchen na Dürnstein, viko kaskazini. Utulivu uko kusini, kwenye mashamba ya aprikoti ya Arnsdorf na Rossatz. Dawa yake ni kuvuka kwa vivuko, na vivuko vya Wachau ni starehe peke yake.

Vivuko vinafanyaje kazi? Nahitaji kukata tiketi mapema?

Hapana. Unasimama ukingoni, unasubiri, unalipa ndani, fedha taslimu ni salama zaidi. Vingi hufanya kazi kuanzia majira ya machipuko hadi Oktoba, na huacha jioni, kwa hiyo usifike saa mbili usiku ukitegemea kuvushwa.

Kile cha Spitz kwenda Arnsdorf kitazame vizuri. Hakina injini. Kuna kamba ya chuma imetandwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimening'inia kwayo. Mwendeshaji anageuza usukani kidogo, ubavu wa chombo unaukabili mkondo kwa mshazari, na maji yenyewe yanakisukuma hadi ng'ambo. Unachosikia ni puli ikilia juu ya kichwa chako na maji yakipiga mbao. Mzee wa Pangani au Rufiji angekielewa mara moja, na pengine angetoa ushauri.

Sijapanda baiskeli tangu shule ya msingi. Nitaweza?

Shangazi yangu aliweza, akiwa na miaka 61, amekuja kutoka Tanga kwa miezi miwili. Baiskeli mara ya mwisho aliipanda akiwa amepakizwa kwenye keria na marehemu mjomba. Tulimfundisha upya siku mbili kwenye uwanja mtupu, tukamkodia ya umeme, naye akatutangulia.

Kinachosaidia ni kwamba njia ni tambarare. Kutoka Passau mpaka Vienna mto unashuka mita mia moja na ushei tu, nawe unashuka nao. Upepo nao kwa kawaida hutoka magharibi, yaani unakupiga mgongoni. Ndiyo maana karibu kila mtu anakwenda upande mmoja. Utakutana na wachache wanaopanda kuelekea Passau wamekunja nyuso, wasalimie.

Kitakachouma si miguu, ni makalio. Siku ya pili ndiyo mbaya. Kaptula yenye sifongo ndani inavaliwa chini ya suruali au dera la kawaida, hakuna anayejua.

Siku ngapi zinatosha?

Wakala wengi huuza siku tano au sita. Mimi nasema saba. Mgawo wangu: Passau hadi Schlögen, kilomita arobaini na kitu, Schlögen hadi Linz, hamsini na kitu, Linz hadi Grein, sitini hivi, Grein hadi Melk, hamsini, Melk hadi Krems, 36 tu, makusudi, Krems hadi Tulln, Tulln hadi Vienna. Anayetaka kufyeka kilomita mia kwa siku ataweza, njia inaruhusu, lakini huyo angepanda treni tu.

Vijiji gani nisivipite?

Dürnstein, hata kama ina watalii wengi. Juu ya mwamba kuna magofu ya ngome ambamo Richard, mfalme wa Uingereza anayeitwa Moyo wa Simba, alifungwa. Alikuwa anarudi kutoka vita vya Msalaba, amejibadilisha mavazi, akakamatwa karibu na Vienna Desemba 1192 kwa amri ya Leopold wa Tano, mtawala wa Austria, ambaye walikuwa wamegombana huko Palestina. Fidia iliyodaiwa ilikuwa mzigo mkubwa wa fedha mpaka Waingereza wakatozwa kodi nchi nzima, na sehemu ya Austria ikajengea kuta za miji, ukiwemo Vienna. Kutoka kijijini kupanda hadi magofuni ni kama dakika ishirini au thelathini za jasho. Chini, mnara wa kanisa umepakwa rangi ya buluu na nyeupe, unauona kutoka mbali ukiwa mtoni. Nenda kabla ya saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni meli za watalii zikishaondoka.

Grein, kwa ajili ya jumba la maonyesho la mwaka 1791. Ni dogo kama ukumbi wa harusi ya mtaani. Viti vilikuwa na kufuli, mwenye kiti anaondoka na ufunguo wake, na choo kiko pembeni ya ukumbi kwa pazia tu, ili mtu asikose mchezo. Kabla ya hapo na baada yake mto ulikuwa na miamba na maji yanayozunguka ambayo yalimeza vyombo vingi. Miamba ilipasuliwa kwa baruti, na bwawa la Ybbs-Persenbeug likamaliza kazi katika miaka ya 1950. Sasa maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria.

Melk, monasteri ya Wabenedikti waliokuwepo pale tangu 1089. Jengo la sasa, la rangi ya manjano, lilijengwa kati ya 1702 na 1736. Ukiwa na muda wa kuona chumba kimoja tu, ona maktaba.

Willendorf ni kijiji cha kupita bila kukiona, ila hapo ndipo mwaka 1908, wakati wa kujenga reli, kilipofukuliwa kinyago cha mwanamke cha mawe ya chokaa, urefu sentimita 11, chenye umri wa karibu miaka 30,000. Chenyewe kiko jumba la makumbusho Vienna.

Mauthausen iko njiani. Nisimame?

Simama. Kijiji kiko mtoni, kizuri, kina maua madirishani. Kilomita chache juu ya kilima kirefu ndipo ilipokuwa kambi ya Wanazi, kuanzia 1938 hadi ilipokombolewa Mei 1945. Watu wapatao 190,000 walifungwa humo na katika matawi yake, na wasiopungua 90,000 waliuawa au kufa. Kuna machimbo ya itale, na ngazi 186 ambazo wafungwa walipanda wamebeba mawe mgongoni. Mpando wa kufika huko ni mkali. Nilisukuma baiskeli kwa mkono, na nilipofika juu nikaona aibu kwamba nilikuwa nimelalamika.

Pape mahali hapo muda wa saa tatu au zaidi, na usipange jambo la sherehe jioni yake. Na watoto wadogo, mmoja abaki nao kijijini.

Nije mwezi gani?

Mwisho wa Machi na Aprili miaprikoti ya Wachau inachanua, nyeupe tupu bonde zima, lakini asubuhi ni baridi na baadhi ya vivuko bado havijaanza. Julai aprikoti zenyewe zimeiva na zinauzwa njiani. Joto nalo lipo. Septemba ndio mwezi wangu: zabibu zinavunwa, shule zimefunguliwa, vyumba vipo.

Tazama habari za mto kabla ya kuondoka. Danubi hufurika. Passau wameandika alama za mafuriko kwenye ukuta wa mnara wa manispaa, na ile ya Juni 2013 iko juu sana ya kichwa cha mtu mrefu. Maji yalifika mita 12.89. Septemba 2024 mafuriko yalipiga vibaya jimbo la Austria ya Chini. Treppelweg ndiyo ya kwanza kuzama, kwa sababu ile ile iliyoifanya iwe tulivu: iko karibu na maji.

Nikodi baiskeli au nije na yangu?

Kodi. Maduka yapo Passau, mengine yanakupokea baiskeli Vienna. Ila ikague mwenyewe kama unavyokagua boda kabla ya kupanda. Mara yangu ya kwanza nilipewa baiskeli inayong'aa, nikaondoka nayo nikicheka, na kilomita ya ishirini breki ya nyuma ikawa inasaga chuma kwa chuma. Raba zilikuwa zimekwisha zamani. Sikuwa nimeinama hata mara moja kuangalia. Sasa nazungusha magurudumu, nabana breki zote mbili, nabadilisha gia zote, nabonyeza tairi, naulizia pampu, tyubu ya akiba na vifaa vya kuziba pancha. Dakika tano.

Huku hakuna fundi chini ya mwembe kila kijiji. Kuziba pancha ni lazima ujue.

Chakula halali kinapatikana? Na maji?

Miji mikubwa, yaani Passau, Linz, Krems na Vienna, ina maduka ya kebabu ya Waturuki, ulizia. Vijijini hali ni ngumu zaidi, nguruwe ametawala. Utaponea samaki wa mtoni, mayai, supu za mboga, mkate na jibini. Kwenye nyumba za wakulima wa zabibu, ambazo huning'iniza tawi nje zikiwa wazi, kuna pia maji ya zabibu yasiyo kilevi na ya aprikoti. Maji ya bomba yananyweka kila mahali.

Onyo: Jumapili maduka yamefungwa. Karibu yote. Nilishawahi kula biskuti na nyanya mbili mchana kutwa nikiwa na pesa mfukoni. Jumamosi alasiri nunua vya kesho.

Kulala?

Nyumba za wageni ziko nyingi, na wenyeji wengi hukodisha vyumba; kibao kikiandikwa "Zimmer frei", chumba kipo. Baiskeli inapewa banda lake. Wachau Julai na Agosti weka nafasi mapema. Kupiga hema popote unapopenda hakuruhusiwi, tumia viwanja vya hema.

Sheria zipi zitanishika?

Mtoto wa chini ya miaka 12 lazima avae kofia ngumu. Asiye na kibali cha baiskeli katika umri huo lazima aongozane na mtu wa miaka 16 au zaidi. Kushika simu ukiendesha ni kosa. Taa, kengele na viakisi mwanga vinatakiwa. Na pombe ina kipimo hata kwa baiskeli, gramu 0.8 kwa lita ya damu, jambo ambalo Wachau husahaulika kirahisi. Pasipoti tembea nayo, kwani umeanzia nchi moja na kuingia nyingine. Mpaka wenyewe unaupita bila kujua.

Sisi weusi, vijijini watatutazamaje?

Watakutazama, hasa wazee waliokaa nje. Ukitangulia kusema "Grüß Gott", nyuso nyingi hulegea na maswali huanza: unatoka wapi, umetoka wapi leo, na matako je. Shangazi alikuwa anawajibu kwa Kiswahili, anawapa pole na kazi, wakaelewana kwa namna yao. Mara moja tu, katika safari tatu, tuliambiwa nyumba imejaa huku funguo zimening'inia ukutani. Tulisonga kijiji cha pili.

Kuna chochote huko kinachotuhusu?

Zaidi ya unavyodhani. Ile reale ya fedha yenye sura ya mama mnene, iliyotumika Unguja na Omani karne ya kumi na tisa na ambayo bibi wengine wa pwani waliigeuza mapambo, ni sarafu ya Maria Theresa, malkia wa hapa. Alikufa 1780, na sarafu zikaendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa sababu wafanyabiashara hawakuamini nyingine. Ilianza kupigwa hivyo Günzburg, mji ulio kwenye Danubi hii hii, juu ya Passau. Na Chuo Kikuu cha Vienna kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo ukifika mjini chunga ulimi ndani ya treni.

Nirudije Passau?

Kwa treni. Za mikoa hubeba baiskeli kwa tiketi yake ndogo. Za mbali zinataka uwe umeweka nafasi ya baiskeli kabla.

Nitajuaje kwamba nimefika Vienna?

Unapita Klosterneuburg, kisha mto unagawanyika na unaweza kuingia kwenye kisiwa chembamba cha kilomita 21, kilichotengenezwa na watu kati ya 1972 na 1988 kuukinga mji na mafuriko. Hakina magari. Wavienna wanaogelea, wanachoma nyama, wanalala juani. Upande wako wa kushoto, ng'ambo ya maji, utaona mnara na kuba: ni msikiti wa Kituo cha Kiislamu, uliofunguliwa 1979. Shangazi aliuona kabla yetu. Aliegemeza baiskeli kwenye benchi, akauliza kibla kiko upande gani na kama kuna sehemu ya kunawa miguu, maana ilikuwa imejaa vumbi la kutoka Tulln.